Mashine Tatu Ndani ya Laptopu Moja

Mashine zote tatu zilikuwa na anwani moja. Kwenye safu iliyopaswa kuonyesha kila moja inapatikana wapi, skrini iliandika 10.0.2.15, chini yake 10.0.2.15, na chini yake tena 10.0.2.15. Ilikuwa saa nane usiku, Sinza, Dar es Salaam, Septemba 2019. Feni ya laptopu ilivuma kama pampu ya kisima, na mwandishi wa makala haya alikuwa amekwisha kupoteza wikiendi mbili akimsaka mchawi kwenye faili za mipangilio. Kumbe mchawi alikuwa amekaa wazi kwenye safu ambayo hakuwahi kuisoma.

Kisa kilianza na kiti namba 12.

Miezi minne kabla ya usiku ule mwandishi aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Mfumo haukuwa programu moja. Ulikuwa vipande tisa, kila kimoja ndani ya kontena lake: kimoja cha kupanga viti, kingine cha malipo ya simu, kingine cha kutuma ujumbe mfupi, na kadhalika, vyote vikisimamiwa na Kubernetes kwenye seva za kukodi huko Ulaya. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kuhakikisha kiti hakiuzwi mara mbili wakati mteja bado anahangaika na namba yake ya siri. Suluhisho lake lilikuwa jepesi. Mteja akichagua kiti, programu inaandika faili dogo la kufuli kwenye diski. Nakala nyingine ya programu ikikuta faili hilo, inasema kiti kimeshikwa.

Alijaribu kwa minikube, chombo kilichotoka mwaka 2016 ambacho kwa kawaida huwasha Kubernetes yenye mashine moja tu ndani ya kompyuta. Aliwasha nakala mbili za programu, akabonyeza kiti kimoja kutoka madirisha mawili, moja likakataliwa. Safi. Kazi ikapelekwa kwenye seva za kweli. Baada ya siku tatu abiria wawili walikutana Ubungo alfajiri, kila mmoja na tiketi halali ya kiti namba 12 cha basi la Mbeya.

Sababu yake ni ya aibu ukishaijua. Kwenye laptopu, nakala zote mbili zilitazama diski moja kwa kuwa mashine ilikuwa moja. Kule Ulaya Kubernetes iliziweka kwenye mashine mbili tofauti, kila moja na diski yake, na kufuli la huku halikuonekana kule. Programu haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali.

Njia rahisi ingekuwa kujaribia kwenye mashine nyingi za kukodi. Lakini bili ya seva ililipwa kwa dola, kwa kadi ya bosi mwenyewe, na bosi alikuwa amekwisha kuzifunga zile za majaribio baada ya kuona zinakula karibu sawa na zile zinazoingiza hela. "Kila mtu atafute pa kujaribia," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Pa mwandishi palikuwa laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo: prosesa ya viini vinne, RAM ya GB 16, diski ya kuzunguka ya GB 500 na betri iliyokwisha kufa. Humo ndimo alimoamua kuingiza mashine tatu.

Kwa msomaji ambaye si wa fani hii, tofauti ya kontena na mashine pepe inaeleweka vizuri ukiwaza nyumba za kupanga. Kontena ni chumba katika nyumba ya Kiswahili. Una mlango wako na kufuli lako, lakini uani, choo na bomba ni vya wote. Kwa upande wa kompyuta, kinachotumiwa na wote ni keneli, ule moyo wa Linux. Mashine pepe ni nyumba kamili yenye ukuta wake, mita yake ya umeme na bomba lake, ila imejengwa ndani ya kiwanja cha mtu mwingine. Chumba ni rahisi na hupatikana kwa dakika. Nyumba ni ghali. Anayetaka kuona mabishano ya majirani wa nyumba tofauti, vyumba pekee havimtoshi. Lazima ajenge nyumba.

Neno lenyewe, kontena, lina safari yake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal-X ya Malcom McLean iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya chuma. Winchi iliyoyapandisha haikuwa na haja ya kujua ndani mna nini. Wahandisi wa Docker waliitwaa picha hiyo mwaka 2013: funga programu pamoja na kila inachohitaji, kisha iende bandari yoyote. Mwaka uliofuata Google ikatangaza Kubernetes, iliyozaliwa na uzoefu wa mfumo wao wa ndani ulioitwa Borg, na toleo la 1.0 likatoka Julai 2015. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Unamwambia mshika usukani, "Nataka nakala tatu za programu hii," naye anakesha akizihesabu. Moja ikifa, anawasha nyingine.

Kujenga zile nyumba tatu kulikuwa sehemu rahisi. VirtualBox, ambayo ilitoka mwaka 2007 na ni ya bure, ndiyo iliyoshika mashine pepe zenyewe. Vagrant, kazi ya Mitchell Hashimoto ya mwaka 2010, ilisoma faili moja lenye majina na vipimo vyake na kuziinua zote kwa amri moja. Kisha ikaja kubeadm, chombo rasmi cha kuziunganisha mashine kuwa klasta. Inataka angalau GB 2 za RAM kwa kila mashine na viini viwili vya prosesa kwa ile inayoongoza. Mwandishi alipiga hesabu: GB 6 kwa klasta, zinazobaki kwa kivinjari na kazi nyingine. Zilitosha, kwa sharti la kutofungua kurasa ishirini.

Siku zile Kubernetes ilikataa pia kuwaka kwenye mashine yenye swapu, ile sehemu ya diski inayojifanya RAM. Aliizima kwa amri, klasta ikawaka, akafurahi, akalala. Asubuhi aliziwasha upya mashine zote na hakuna hata moja iliyoamka, kwa sababu hakuifuta swapu kwenye faili la fstab na yenyewe ilirudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Nusu siku ilikwenda hapo. Hilo lilikuwa dogo.

Kubwa lilikuwa lile la anwani. Dalili zake zilichanganya akili: ukurasa wa viti ulifunguka mara moja, mara ya pili ukaning'inia, mara ya tatu ukafunguka. Akiomba kumbukumbu za programu iliyokuwa kwenye mashine ya pili, Kubernetes ilimjibu kwamba kitu hicho hakipo. Na bado mashine zote tatu ziliandikwa Ready, yaani zina afya njema. Alifuta kila kitu na kujenga upya mara nne, akapata ugonjwa ule ule kila mara. Hapo angalau angeshuku kwamba tatizo liko kwenye ramani, wala si kwa mafundi.

Mwishowe alimpigia kaka mmoja wa Kijitonyama, fundi wa mitandao wa miaka mingi, ambaye hakuwahi kugusa Kubernetes maishani mwake.

"Shikamoo kaka. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba, dogo. Mashine zako zina anwani gani?"

"Kila moja na yake. 192.168.56.10, 11 na 12."

"Sijakuuliza ulizipa nini. Nauliza zenyewe zinasema nini."

Mwandishi akaongeza neno moja kwenye amri ili safu zote zionekane, na ndipo zile 10.0.2.15 tatu zilipojitokeza.

VirtualBox huipa kila mashine kadi ya kwanza ya mtandao kwa ajili ya kutokea nje kwenda intaneti, na kila mashine hukaa nyuma ya ruta yake ndogo ya kubuni. Kwa kuwa kila ruta imejitenga na nyingine, zote hugawa anwani ile ile bila kugongana. Kadi ya pili ndiyo ya mashine kuonana zenyewe kwa zenyewe, na hiyo ndiyo aliyoipa namba tofauti. Lakini Kubernetes, isipoelekezwa, hujitambulisha kwa kadi yenye njia ya kwenda nje. Ni kama nyumba tatu za mitaa mitatu, zote namba 15, na wewe unamwambia bodaboda apeleke mzigo namba 15: atafika ile iliyo karibu naye. Mashine kuu ilipotaka kumbukumbu kutoka kwa mashine ya pili, ilipiga simu 10.0.2.15, yaani ilijipigia yenyewe, ikajijibu kwamba programu hiyo haiko hapa. Flannel, iliyobeba mazungumzo ya makontena kati ya mashine na mashine, ilikosea vivyo hivyo. Ombi lililobahatika kuangukia nakala iliyo kwenye mashine hiyo hiyo lilipona. Lililotakiwa kuvuka lilizama.

Tiba ilikuwa mistari miwili: mmoja wa kuiambia kila mashine itumie anwani ipi, mwingine wa kuiambia Flannel ipitie kadi ipi. Wikiendi mbili, mistari miwili. Kaka yule alikata simu hata kabla ya kushukuriwa vizuri.

Tangu usiku ule mwandishi ana imani moja ambayo wenzake humcheka nayo. Klasta inapougua, yeye haanzi na Kubernetes. Anaanza na vitu vya kizamani: anwani, saa, diski, umeme. Katika miaka mitano iliyofuata, karibu kila shida iliyompata kwenye mashine zake tatu ilitoka kwenye moja ya hivyo vinne.

Diski ilifuata. Mwandishi alikuwa amesoma kwamba klasta ya heshima ina mashine kuu tatu, ili moja ikifa mbili ziendelee. Sababu iko kwenye etcd, daftari ambamo Kubernetes huandika kila inachokijua. Daftari hilo likigawiwa kwa walinzi kadhaa, halikubali kuandikwa neno lolote mpaka zaidi ya nusu yao waafiki. Mwanachama wa VICOBA anaijua kanuni hii kwa jina la akidi. Wakiwa watatu, mmoja anaweza kukosekana. Wakiwa wawili, hakuna anayeruhusiwa kukosekana, na kwa hiyo wawili ni hatari kuliko mmoja, jambo ambalo wageni wengi wa Kubernetes hawaliamini mpaka liwafike. Aliyesema mafahali wawili hawakai zizi moja angeielewa etcd upesi.

Basi akajenga mashine kuu tatu. Laptopu iligeuka jiko. Kila baada ya dakika chache walinzi wa daftari walimng'oa kiongozi wao na kumchagua mwingine, na amri ya kawaida kabisa ilichukua nusu dakika. Chanzo kilikuwa hesabu ya darasani. Kila neno jipya etcd huliandika na kusubiri mpaka diski ithibitishe kwamba limekaa. Waandishi wake hushauri kusubiri huko kusizidi milisekunde 10 au hivi. Diski ya laptopu ile ilizunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja tu ulichukua milisekunde 11. Na mashine tatu zilikuwa zikiigombea sindano moja ya kuandikia. Kiongozi asiposikika kwa sekunde nzima, wenzake humhesabu maiti, na huyu alikuwa hai kabisa, amekwama tu kwenye foleni ya diski.

Alinunua SSD, diski isiyozunguka, ya GB 240 na uchaguzi ukakoma siku hiyo hiyo. Wiki moja baadaye alizifuta mashine kuu mbili kati ya zile tatu, kwa sababu alijiuliza swali ambalo angejiuliza mwanzoni: mashine kuu tatu zinazokaa ndani ya laptopu moja zinakingwa na nini, laptopu ikizimika? Kwa kujifunza jinsi akidi inavyofanya kazi, zilifaa. Kwa kazi ya kila siku zilikuwa maonyesho.

Saa nayo ilimpiga mara mbili. Kwanza kwa tokeni ambayo mashine mpya huonyesha ili ikaribishwe kwenye klasta: uhai wake ni saa 24. Aliitengeneza jioni, umeme ukakatika, akarudi keshokutwa na kukataliwa mlangoni bila maelezo ya kueleweka. Mara ya pili, Oktoba 2020, aliifungua klasta aliyokuwa ameilaza miezi mingi na kukuta haimtambui hata yeye mwenyewe. Vyeti ambavyo kubeadm hutoa kwa ajili ya sehemu za klasta kuaminiana huisha baada ya mwaka mmoja. Klasta inayosasishwa mara kwa mara huvipata vipya kimyakimya kila inapopanda toleo. Iliyolazwa huamka na vitambulisho vilivyokufa. Kuvihuisha ni amri moja. Kuijua amri hiyo wakati mfumo unaingiza hela ndiko kungekuwa kazi nyingine, na mwandishi alishukuru kwamba alijifunzia nyumbani, ambako hakuna basi lililokuwa likisubiri.

Siku ambayo zile mashine tatu zililipa gharama zake, hata hivyo, ilikuwa ya ofisini. Bosi aliuliza: seva moja kule Ulaya ikizimika ghafla, itachukua muda gani mfumo kurudi? Mwandishi alijibu kwa kujiamini kwamba ni sekunde chache, Kubernetes hujiponya yenyewe. Kisha akaifungua laptopu mezani ili aonyeshe. Aliizima mashine ya pili, ambayo ilibeba huduma ya malipo, na wote wakakaa kutazama saa ya ukutani.

Sekunde kumi, ishirini, thelathini. Ilipofika karibu arobaini mashine iliandikwa NotReady. Bosi akatikisa kichwa kukubali. Dakika moja ikapita na huduma ya malipo haikuwa imewashwa popote. Dakika mbili. Bosi aliagiza chai. Dakika tatu, nne. Karibu dakika ya sita, mwandishi akiwa ameshaishiwa maelezo, nakala mpya ilitokea kwenye mashine ya tatu.

Hakuna kilichoharibika. Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Kubernetes za wakati ule zilisubiri sekunde 40 kabla ya kuitangaza mashine kuwa haisikiki, kisha programu zilizokuwa juu yake zilipewa dakika tano za subira kabla ya kuhamishwa, kwa sababu mara nyingi mashine haijafa, mtandao tu umeyumba. Ni busara kwa programu nyingi. Kwa malipo yenye nakala moja tu ilikuwa karibu dakika sita za wateja kubonyeza bila jibu. Mchana huo waliongeza nakala ya pili ya malipo, wakaweka sharti kwamba nakala mbili zisikae mashine moja, na subira ya dakika tano ikapunguzwa kuwa sekunde 30. Minikube ya mashine moja isingeweza kuonyesha jambo hili hata ungeikodolea macho mwaka mzima, maana ukiizima hiyo moja hakuna anayebaki wa kuhesabu.

Halafu kuna bando, ambalo miongozo mingi ya Kubernetes hailitaji kwa kuwa waandishi wake hawalinunui. Kila mashine hupakua nakala yake ya imeji, yaani kifurushi ambacho kontena hutokana nacho. Imeji ya huduma ya malipo ilikuwa na MB 900. Mara mashine tatu ni GB 2.7, na kila badiliko dogo lilivuta sehemu yake tena. Bando la wiki lilikata roho Jumatano. Isitoshe, kuanzia Novemba 2020 ghala moja kubwa la umma la imeji liliweka kikomo cha upakuaji 100 kwa saa sita kwa kila anwani ya intaneti isiyojisajili. Wateja wengi wa simu hutokea duniani kwa anwani moja ya pamoja, hivyo kuna siku mwandishi alifika pale na kukuta wageni asiowajua wamekwisha kuumaliza mgao.

Alifanya mambo mawili. Alizikondesha imeji kwa kuzijenga juu ya Alpine, Linux ambayo msingi wake una takribani MB 5 tu. Ile ya malipo ikashuka chini ya MB 150. Kisha akaweka ghala lake mwenyewe ndani ya laptopu. Imeji huingia humo mara moja, na mashine tatu huchota kwa mwendo wa diski badala ya mwendo wa mnara wa simu. Ghala hilo alilijenga kwa ajili ya pesa tu. Thamani yake nyingine aliijua Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikaanguka.

Jumatatu wenzake walikaa ofisini wakitazamana, kwa kuwa seva za Ulaya hazikushikika na hata kujenga imeji kulihitaji vifurushi kutoka nje. Mwandishi aliinua mashine zake tatu na kuendelea kazi. Huduma sita kati ya tisa ziliwaka bila shida. Tatu zilikataa, ingawa imeji zake zilikuwa zimekaa pale pale kwenye diski. Alipozichunguza alikuta zote tatu hazikupewa namba ya toleo; ziliitwa latest. Imeji yenye jina hilo, kwa kawaida ya Kubernetes, lazima iulizwe upya kwenye ghala lake la asili kila kontena linapowashwa, kwani nani ajuaye kama "ya mwisho" ya jana ndiyo ya leo? Na ghala la asili la hizo tatu lilikuwa ng'ambo ya waya uliokatika. Alizipa namba, akaelekeza zichotwe ghala la nyumbani, zikawaka. Siku hiyo ofisi nzima ilijaribia kwenye laptopu ya Kariakoo kupitia Wi-Fi ya ndani.

Umeme ulikuwa wa nne. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023, laptopu isiyo na betri ilizimika katikati ya kuandika, na daftari la etcd halikufunguka tena. Mwandishi hakuwa na nakala ya akiba. Hakulia, kwa sababu vipimo vya mashine na maelezo ya huduma zote vilikuwa kwenye Git, chombo cha kutunza matoleo ya faili, na baada ya dakika arobaini klasta ilisimama upya. Mfumo ulirudi, ila tabia tatu hazikurudi: mabadiliko matatu aliyoyafanya kwa mkono, usiku, kwa amri ya moja kwa moja, bila kuyaandika popote. Mojawapo mpaka leo hajakumbuka aliliwekaje. Sasa kila usiku mashine kuu huchukua nakala ya etcd na kuihifadhi nje yake, na laptopu ina betri mpya, kitu ambacho kingenunuliwa kabla ya vyote hivi.

Je, kila mwandishi wa programu ajenge mashine tatu? Hapana, na mwandishi wa makala haya hubishana na vijana wanaodhani ni alama ya ushujaa. Kwa kazi ya kila siku, ya kuandika na kujaribu na kufuta, yeye mwenyewe hutumia kind, inayoziigiza mashine kwa makontena ya Docker na kusimama kabla chai haijapoa. Mwenye kompyuta dhaifu ana k3s ya mwaka 2019, Kubernetes iliyofungwa kwenye faili moja lisilofika MB 100. Hata jina lake ni la kubana matumizi: Kubernetes ina herufi kumi na hufupishwa K8s, kwa hiyo kitu cha nusu yake kingekuwa na herufi tano na kufupishwa k3s. Mashine pepe tatu huinuliwa pale swali linapohusu mahali: programu inakumbuka wapi, inapita njia gani, mashine ikifa nini hutokea, toleo likipandishwa nani huanguka. Mwaka 2022, Kubernetes 1.24 ilipouondoa ule mlango wa kuiendesha Docker moja kwa moja, kampuni ilihamia containerd, programu nyingine ya kuendesha makontena, kwenye zile tatu kwanza, ikavunja mambo mawili humo, na ikahamisha seva za kweli mchana bila abiria kujua.

Kufuli la viti liko kwenye hifadhidata tangu 2019, na kabla ya kila toleo jipya hujaribiwa kwa nakala mbili zilizolazimishwa kukaa mashine tofauti. Laptopu ile bado ipo Sinza, ina SSD, betri na RAM ile ile ya GB 16. Vijana wawili wapya wa kampuni huitumia kujifunzia, na zoezi lao la kwanza ni kuinua klasta bila ile mistari miwili ya anwani kisha kueleza kwa nini ukurasa wa viti unaning'inia. Wa kwanza alitumia siku tatu. Wa pili alitumia saa moja na nusu; aliulizia safu zote mapema.

Vyeti vya klasta ya sasa vinaisha tarehe 9 Machi. Imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya skrini.